Tanuri Katika Nyumba ya Watu

Biashara ya kuoka mikate na keki nyumbani, ambayo katika mji wa Mombasa imekuwa chumo la wanawake wengi na la vijana wasio wachache, aghalabu huzungumzwa kana kwamba jambo lake kubwa ni ustadi wa mkono: unga upi ufaao, hamira kiasi gani, moto uwe mkali au mpole, na pambo la keki lipendeze vipi machoni pa bibi harusi. Hayo yote yana haki yake, wala sidharau hata moja. Lakini baada ya kukaa muda mrefu na madaftari ya waokaji na mikataba ya wapangaji nimepata yakini kwamba biashara nyingi za namna hii huvunjika kwa sababu ya nyumba, hali mikate yake ni mizuri na wateja wake wangalipo mlangoni. Mwokaji hununua tanuri la umeme kwa akiba aliyoikusanya kidogo kidogo, hujulikana mtaani, huaminiwa kwa maharusi na maulidi, kisha siku moja hupewa ilani ya kuhama, na ndipo hutambua kwamba rasilimali yake yote ilikuwa imesimama juu ya ridhaa ya mtu mwingine, ridhaa ambayo hakuiomba kwa uwazi wala haikuandikwa popote.

Kuuza chakula kilichotengenezwa nyumbani si jambo geni katika miji ya pwani. Kabla ya kuja matanuri ya umeme na ya gesi, mama zetu walioka mkate wa sinia na mkate wa mayai kwa kupalia, makaa chini ya chombo na makaa juu ya kifuniko chake. Mkate wa mofa ulibandikwa katika ubavu wa tanuri la udongo lililokwisha shika moto. Mahamri na vitumbua vilitoka uani alfajiri vikauzwa barazani kabla jua halijapanda. Kazi hiyo haikuigusa nyumba yenyewe. Chombo kilibebwa kwa mikono miwili, makaa yakazimwa, jivu likazolewa, na aliyeitazama nyumba wakati wa adhuhuri asingaliona alama ya biashara. Fauka ya hayo, wengi wa waliofanya hivyo walikaa katika nyumba za jamaa zao, au za wakfu, au nyumba walizojijengea juu ya ardhi ya mtu mwingine kwa kumlipa kodi ya ardhi, desturi ambayo Mombasa imeishi nayo kwa vizazi na ambayo mpaka leo humfanya mtu kuwa mwenye nyumba pasi na kuwa mwenye kiwanja. Sasa mambo mawili yamebadilika kwa pamoja: chombo kimekuwa kizito, kimeunganishwa na nyaya za jengo, na mwokaji amekuwa mpangaji, katika ghorofa ya Tudor au Bamburi au Kisauni, wa mtu ambaye pengine hajapata kumwona ila kwa kupitia wakala wake. Desturi ya kale ya kuoka bila kumwomba mtu ruhusa imehamia katika hali nyingine kabisa, na dhiki nyingi ninazozieleza hapa chanzo chake ni hicho.

Sheria za Kenya zimewagawa wapangaji mafungu mawili ambayo mwokaji wa nyumbani hayumo barabara katika lolote. Fungu la kwanza ni la wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za kulia chakula, wanaolindwa na Sura ya 301 ya sheria, iliyotungwa mwaka 1965. Mpangaji wa duka ambaye hana mkataba ulioandikwa, au mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, huhesabiwa kuwa katika upangaji wenye kudhibitiwa: mwenye nyumba hawezi kumtoa wala kumpandishia ijara ila kwa ilani ya muda usiopungua miezi 2, yenye kutaja sababu, na mpangaji akiikataa ilani hiyo shauri huenda mbele ya baraza maalumu la nyumba za biashara. Hifadhi hiyo ni kubwa, na humfaa hata yule ambaye hakuandika chochote. Walakini sheria yenyewe imefafanua duka kuwa ni mahali panapokaliwa pote, au kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya biashara ya rejareja au ya jumla, au ya kutoa huduma kwa malipo; na nyumba ya kulia chakula kuwa ni mahali ambapo chakula au vinywaji hutolewa viliwe na vinywewe papo hapo. Mwokaji wa nyumbani hulala, hulea watoto na hupokea wageni katika nyumba ile ile. Biashara yake hutwaa jiko na pengine pembe ya ukumbi. Na keki zake huliwa kwingine. Atakayeyapima maneno ya sheria kwa uadilifu ataona taabu kuiita nyumba hiyo duka, na taabu kubwa zaidi kuiita nyumba ya kulia chakula.

Fungu la pili ni la wapangaji wa nyumba za kukaa, wenye Sura yao ya 296. Sheria hiyo nayo ina kinga dhidi ya kutolewa ovyo na kupandishiwa ijara bila mizani. Lakini huzihusu nyumba ambazo ijara yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kima ambacho ijara za mji zimekwisha kiacha nyuma mno, hata ghorofa ya kadiri yenye jiko la kutosha tanuri haiwezi kupatikana kwacho. Basi mwokaji wetu hubakiwa na mapatano yake mwenyewe na mwenye nyumba, na pale ambapo mapatano hayakusema lolote juu ya muda, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humhesabu kuwa mpangaji wa kipindi kwa kipindi kulingana na anavyolipa. Alipaye kwa mwezi aweza kuachishwa kwa ilani ya mwezi. Sheria haimlazimishi mwenye nyumba kuonyesha kosa. Yatosha kwamba ilani imetolewa kwa muda wake na inakoma katika siku ya kulipa ijara.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu kuna uvumi miongoni mwa wafanya biashara wadogo kwamba kutoandikiana ni salama kuliko kuandikiana. Uvumi huo ulitoka madukani, ambako una ukweli wake, ukaingia majikoni, ambako hauna. Mwenye duka asiye na karatasi ana sheria nyuma yake. Mwokaji asiye na karatasi ana mwezi mmoja.

Wanazuoni wa fiqhi walikwisha lifikiria suala hili karne nyingi zilizopita. Katika mlango wa ijara, vitabu vya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, hushurutisha kwamba manfaa yanayokodishwa yajulikane kwa pande zote mbili. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba aliyepanga nyumba kwa kukaa aweza kumkalisha humo mtu aliye mfano wake, bali hana ruhusa ya kumkalisha mhunzi wala mfua nguo, kwa kuwa kazi za watu hao huzidisha madhara kwa jengo. Mwokaji hakutajwa, lakini maana inamfikia: ruhusa ya kukaa haichukui ndani yake ruhusa ya kila kazi. Kwa mizani hiyo, mwokaji anayelifunika tanuri kwa shuka siku ya ugeni wa mwenye nyumba anatwaa manfaa ambayo hakuyakodi, hata akiwa analipa ijara yake siku ya kwanza ya kila mwezi. Na mwenye nyumba anayeisikia harufu ya mkate ngazini kila alfajiri, akanyamaza na kupokea fedha, kisha akaifanya harufu hiyo kuwa hoja ya kumtoa mpangaji siku ambayo amepata mwingine wa ijara kubwa, huyo naye amekula pande mbili. Uwazi ni haki ya wote wawili kabla haujawa hila ya mmoja wao.

Inafaa tuingie katika nafsi ya mwenye nyumba, maana hofu zake si za kubuni. Hofu ya kwanza ni ya umeme. Soketi ya kawaida ya jikoni ni ya ampea 13, ambayo kwa umeme wetu wa volti 240 hubeba wati 3,120 na si zaidi. Tanuri dogo la nyumbani hutumia wati 2,000 hadi 3,000, yaani huifikisha soketi karibu na ukomo wake kwa saa nyingi mfululizo, na likichangia mstari mmoja na jokofu na mashine ya kukandia, nyaya hupata moto ndani ya ukuta ambako hapana mtu aonaye. Tanuri kubwa la biashara laweza kupita wati 6,000, na hilo halifai kuchomekwa katika soketi kabisa: hudai mstari wake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, wenye waya mnene na swichi yake, uliofungwa na fundi mwenye leseni. Nimeona majiko ambamo kichwa cha plagi kimeyeyuka na kubadilika rangi, na mwenyewe anaendelea kuoka kwa sababu oda ya Ijumaa haijaisha. Huko ni kuhatarisha roho za watoto wanaolala chumba cha pili.

Hofu nyingine ni za mvuke unaovimbisha dari na milango, za mende na panya wafuatao unga, za mitungi ya gesi, na za bima ya jengo, ambayo hukatwa kwa nyumba ya kukaa na ambayo kampuni ya bima yaweza kukataa kuilipa ikigundua kwamba palikuwa na biashara isiyotajwa. Lakini hofu ambayo wenye nyumba hawaitamki, na ambayo nadhani ndiyo huwafanya wengi waseme hapana kabla hawajasikiliza, ni ya ushuru. Mwenye nyumba za kukaa ambaye mapato yake ya ijara kwa mwaka yamo baina ya shilingi 288,000 na milioni 15 hulipa asilimia 7.5 ya mapato hayo tangu Januari 2024, na ijara hiyo haina kodi ya ongezeko la thamani. Ilhali ijara ya jengo la biashara ina hesabu yake nyingine, na kwa mwenye kusajiliwa huongezwa asilimia 16. Akisikia neno biashara katika mkataba, mwenye nyumba huona mbele yake nyumba yake ikihamishwa daftari, na pia humwona mpangaji wa Sura ya 301 asiyetoka ila kwa baraza. Mwokaji asiyezijua hofu hizi huyachukua makatao kuwa ni chuki, akarudi nyumbani akaoka kwa siri.

Dawa imo katika maneno ya mkataba wenyewe. Mkataba useme wazi kwamba nyumba ni ya kukaa na itabaki kuwa ya kukaa, na kwamba mpangaji amepewa ruhusa ya kuoka jikoni kama kazi ya ziada isiyobadilisha matumizi makuu ya nyumba. Utaje tanuri la wati ngapi, saa zipi za kazi, na kwamba nje hapatawekwa kibao wala meza ya kuuzia. Neno hili la matumizi makuu lina uzito mwingine pia, kwani Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 huyahesabu mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo kuwa ni uendelezaji unaohitaji idhini ya kaunti, na kadiri mwokaji anavyozidi kuajiri watu na kupokea wanunuzi mlangoni ndivyo anavyokaribia mpaka huo. Muda uwe wa mwaka au miwili badala ya mwezi kwa mwezi, na ilani iwe ya miezi 3 kwa pande zote mbili. Hapo ndipo penye roho ya mkataba, na ikiwa mwokaji analazimika kuachia jambo lolote katika mazungumzo, basi aachie ijara kidogo ipande lakini asiachie ilani ndefu. Miezi 3 yatosha kutafuta jiko jingine, kuwaarifu wateja, na kumaliza oda zilizokwisha lipiwa arubuni.

Iandikwe pia ni nini kitakachokuwa cha nani siku ya kuachana. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza huhesabu kilichofungwa katika jengo kuwa ni sehemu ya jengo, ingawa humwachia mpangaji vyombo alivyovifunga kwa ajili ya biashara yake akiviondoa kabla ya muda wake kwisha. Ugomvi juu ya kipi ni chombo na kipi ni jengo ni mrefu na ghali, na sentensi moja huuzuia: tanuri, feni ya kutolea moshi na meza ni vya mpangaji. Mstari wa umeme alioufunga utabaki na nyumba, na gharama yake itapunguzwa katika ijara ya miezi kadhaa. Nimewaona wenye nyumba wakikubali kwa furaha sharti la namna hii, kwa sababu huachiwa nyumba yenye nyaya bora kuliko walivyoitoa.

Katika nyumba za Kiswahili za Majengo na mitaa iliyo mfano wake, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake, hali ni nyingine. Mita ya umeme mara nyingi ni moja, na tokeni hununuliwa kwa kuchanga. Tanuri la wati 2,500 likiwaka saa 4 kwa siku laweza kula, kwa hesabu ya juu, uniti 10, na mwenye chumba chenye taa moja na redio hatakubali kuzilipia. Mita ndogo ya peke yake si anasa hapo, ni sharti la amani. Lakini kuna kizuizi kikubwa kuliko mita. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921, inamkataza mtu kukaa au kulala katika jiko au chumba ambamo chakula cha kuuzwa hutengenezwa au huwekwa. Aliyepanga chumba kimoja, akapanga mifuko ya unga chini ya kitanda na tanuri mkabala na mto wake, hawezi kupata kibali cha afya kwa njia iliyo halali, hata angekuwa safi kupita wote mtaani. Wala sheria hiyo haikutungwa kwa kuwaonea maskini: unga huvuta unyevu na harufu, na pumzi ya mgonjwa wa kifua hutua juu ya kila kitu kilicho chumbani.

Kwa watu hao rai yangu ni tofauti. Watatu au wanne waungane wapange jiko moja, chumba kisicholalwa na mtu, kwa kazi ya kuoka na kuuza tu, wagawane siku na saa. Gharama hugawanyika, mkaguzi wa afya huonyeshwa chumba kimoja badala ya vinne, na kwa kuwa mahali hapo sasa panakaliwa pote kwa biashara, huingia katika ile hifadhi ya Sura ya 301 ambayo nyumba ya kukaa haina. Ushirika wa namna hiyo hudai uaminifu na daftari, jambo ambalo vyama vya akina mama vya kuweka na kukopeshana vimekwisha lionyesha kuwa linawezekana.

Vibali vyenyewe nitavipitia upesi, kwa sababu vinajulikana. Jina la biashara husajiliwa kwa Serikali kuu; kibali cha biashara hutolewa na kaunti kila mwaka; kila anayegusa chakula, pamoja na binti anayesaidia kufunga maboksi, hupimwa afya na kupewa cheti ambacho huhuishwa kila miezi 6; na bidhaa inayofungwa na kupelekwa madukani hudai alama ya shirika la viwango, ambayo anayeuza kwa oda za mkononi huenda asiihitaji mwanzoni. La kuangalia ni kwamba ofisa atauliza kazi inafanyika wapi, na swali hilo hurudi kwa mwenye nyumba. Kibali kisichotanguliwa na ridhaa yake ndicho humpa habari ya biashara kwa njia mbaya kuliko zote.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana nyumba huila biashara kwa siri kupitia bei. Mwokaji wa kawaida hukadiria bei kwa unga, sukari, mayai na siagi, huongeza kidogo kwa jasho lake, basi. Ijara haimo, kwa kuwa hudhani kwamba angeilipa hata asipooka. Hebu tuifanyie kazi boflo ya gramu 400. Tanuri hukausha maji, kwa hiyo unga uliokandwa lazima uwe kama gramu 460 ili mkate utoke na uzito wake. Paketi ya kilo 2, pamoja na maji kiasi cha asilimia 60 ya unga, hamira, chumvi, sukari na mafuta kidogo, hutoa donge la kilo 3 na robo au zaidi kidogo, yaani boflo 7. Na robota la paketi 12 hutoa boflo 84. Tuseme ijara ni shilingi 15,000 kwa mwezi na jiko na ghala ni theluthi ya nyumba: kazi inadaiwa shilingi 5,000. Akioka boflo 40 kwa siku katika siku 25, ana boflo 1,000, na kila moja imebeba shilingi 5 za ijara kabla hajahesabu umeme. Yaonekana kidogo, lakini katika boflo ambayo faida yake safi pengine haizidi shilingi hizo, ni biashara nzima. Na ningemtaka aongeze nyingine 3 za akiba ya kuhama, ambazo kwa mwezi ni 3,000 na kwa mwaka ni 36,000, zisizoguswa kwa harusi wala kwa ada ya shule, maana siku ya ilani atahitaji amana ya nyumba mpya, gari la kubeba tanuri, fundi wa nyaya, na chakula cha majuma ambayo hataoka.

Hesabu hiyo pia humwonyesha kwamba boflo si pahali pake. Viwanda hununua unga kwa tani, na sehemu kubwa ya ngano yetu hutoka nje, hata vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilipopandisha bei yake duniani, mwenye kununua paketi moja moja ndiye aliyeumia kwanza. Serikali haitozi kodi ya ongezeko la thamani katika mkate wa kawaida, na jaribio la kuitoza katika Mswada wa Fedha wa 2024 liliondolewa kwa kelele za wananchi. Keki hazina msamaha huo, lakini mwokaji mdogo asiyefikia mauzo ya milioni 5 kwa mwaka hadaiwi kujisajili. Linalomgusa ni ushuru wa mauzo, asilimia 3 kwa anayevuka shilingi milioni 1 kwa mwaka, ambao hutozwa juu ya mauzo yote na si juu ya faida: ikiwa faida ni moja ya tano ya mauzo, asilimia 3 hiyo ni asilimia 15 ya faida yake. Kwa sababu hizi zote mpangaji ashike vitu ambavyo kiwanda hakiwezi kuvifanya kwa moyo, mkate wa sinia, mkate wa mayai, biskuti za Idi, keki za oda zilizotangulizwa fedha. Huoka mara chache kwa bei iliyo bora, nyumba ikapumzika, na majirani pia.

Hali ya hewa ya mji huu nayo ni neno la nyumba. Katika miezi ya kaskazi, jiko lililo ghorofa ya juu chini ya bati huumua donge kwa nusu ya muda wake, na mwokaji hulazimika kukandia maji ya baridi na kupunguza hamira. Siagi ya kupambia keki huyeyuka mikononi, na biskuti zilizoachwa wazi usiku hulainika kwa unyevu wa bahari. Anayekwenda kutazama nyumba ya kupanga aende mchana, afungue madirisha ya jiko, asikie upepo unaingia upande upi. Ijara nafuu ya jiko lisilopumua hulipwa upya kwa bidhaa zinazotupwa.

Majirani sitawaacha, kwa kuwa malalamiko mengi yanayomfikia mwenye nyumba huanzia kwao. Mashine ya kukandia saa tisa za usiku, pikipiki zinazopiga honi zikisubiri maboksi, na wageni wasiojulikana ngazini, humchosha hata jirani aliye mpole. Ni wajibu kuwaendea kabla ya kuanza, kuwaeleza saa za kazi, na kuweka mahali pa kukabidhiana nje ya lango. Wakati wa Ramadhani, oda zinapoongezeka mara nyingi na kazi ikaenda mpaka daku, waombwe radhi mapema.

Wabunge wetu wanayo kazi ya kuziba pengo nililolieleza, kwa kukipandisha kile kima cha shilingi 2,500 na kwa kumtambua mtu afanyaye kazi halali ndani ya nyumba ya kukaa. Wewe uliyekwisha washa tanuri katika nyumba ya watu usiwangoje. Mwendee mwenye nyumba mwezi huu, wakati ijara imelipwa na hapana ugomvi, uwe na karatasi iliyoandikwa wati za tanuri, saa za kazi, jina la fundi atakayekagua nyaya na muda wa ilani unaouomba. Mpe nafasi ya kusoma na kuuliza. Akikataa kabisa, umejua ungali na akiba na hiari ya kutafuta nyumba nyingine. Akikubali, wekeni saini mbele ya mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala yake, na stakabadhi za ijara zihifadhiwe pamoja nayo.